Fomula ziko tatu, nitumie ipi? Kutafuta mlinganyo wa mstari mnyoofu

Swali: Shikamoo mwalimu. Nimerudi kusoma baada ya miaka mingi na sasa najiandaa kwa mtihani. Nimeambiwa nitafute mlinganyo wa mstari mnyoofu unaopita kwenye nukta (−2, 7) na (4, −5). Nimepata mteremko −2, na jibu langu ni y = −2x + 11. Kitabu kinasema 2x + y − 3 = 0. Nimerudia mara nne, kila mara 11. Kinachonichanganya zaidi ni fomula zenyewe: kuna y = mx + c, kuna y − y₁ = m(x − x₁), na kuna hiyo ya ax + by + c = 0. Nitajuaje swali linataka ipi?

Jibu: Marahaba. Tuanze na hiyo 11, maana najua inavyokera mtu kurudia kitu mara nne asione alipokosea.

Mteremko wako, yaani ile m ya kwenye fomula, ni sahihi kabisa. Thamani ya y imetoka 7 ikafika −5, yaani imeshuka 12. Thamani ya x imetoka −2 ikafika 4, yaani imeongezeka 6. Gawanya −12 kwa 6, unapata −2. Baada ya hapo ulichukua nukta ya kwanza, (−2, 7), ukaiingiza kwenye y = −2x + c ili upate c. Naamini uliandika hivi:

7 = −2 − 2 + c

Tazama vizuri upande wa kulia. Kwenye −2x, herufi x imekaa ubavuni mwa −2 kwa maana ya kuzidisha. Ulipoitoa x ukaweka −2 mahali pake bila mabano, alama ya hasi ya namba mpya ikajigeuza kuwa alama ya kutoa. Kuzidisha kukapotea, ukabaki na −4. Kuanzia hapo kila kitu ulichofanya ni sahihi: 7 + 4 ni 11 kweli. Ndiyo maana kurudia hakukusaidia. Ulikuwa unahakiki hesabu ya mwisho, na kosa lilikuwa limekaa mstari mmoja juu yake, kwenye uandishi. Andika na mabano:

7 = −2(−2) + c
7 = 4 + c
c = 3

Kwa hiyo mlinganyo ni y = −2x + 3. Kila unapoweka namba mahali pa herufi, ifungie kwenye mabano hata kama ni chanya. Ikishakuwa mazoea, hutakuwa na haja ya kukumbuka ni lini inahitajika.

Jambo lingine ni la kuhakiki. Kama ungejaribu jibu lako kwa nukta ileile ya kwanza, na ukaandika vilevile bila mabano, ungepata −2 − 2 + 11, ambayo ni 7, na ungeamini umepatia. Kosa lingejithibitisha lenyewe. Hakiki kwa nukta ile ambayo hukuitumia kutafuta c. Weka x = 4 kwenye y = −2x + 11: unapata −8 + 11 = 3, wakati nukta yako inadai −5. Hapohapo unajua kuna kitu hakijakaa sawa. Jaribu sasa y = −2x + 3: −8 + 3 = −5. Imekubali. Kazi hiyo inachukua sekunde kumi, nami nakusihi usikabidhi jibu lolote la mstari kabla hujaifanya.

Sasa tuje kwenye swali lako la fomula, ambalo kwangu ndilo lenye uzito. Fomula hizo tatu hazishindani, na swali halifichi moja wapo ili uibahatishe. Zote zinasema jambo lilelile: kwenye mstari mnyoofu, ukichukua nukta zozote mbili, mteremko kati yake ni uleule. Hilo ukilishika, unaweza kusahau fomula zote ukiwa ndani ya chumba cha mtihani na bado ukaandika mlinganyo.

Tuone kwa mstari wako. Nukta hizi zote ziko juu yake: (−2, 7), (−1, 5), (0, 3), (1, 1), (4, −5). Chagua mbili unazopenda. Kutoka (−2, 7) hadi (1, 1), y imeshuka 6 na x imeongezeka 3. −6 kwa 3 ni −2. Kutoka (0, 3) hadi (4, −5), y imeshuka 8 na x imeongezeka 4. −8 kwa 4 ni −2. Kutoka (−1, 5) hadi (0, 3), hatua moja tu, imeshuka 2. Bado −2. Ukichora ngazi chini ya mstari, pembetatu ndogo na pembetatu kubwa zinapatikana, lakini zote zina pembe zilezile, na kwa hiyo uwiano wa kimo na kitako haubadiliki. Mstari uliopinda hauna tabia hiyo: mteremko wake kati ya nukta mbili unategemea umechagua zipi.

Sasa weka nukta moja ambayo hujaipa namba. Iite (x, y). Haijulikani iko wapi, ila tunataka iwe juu ya mstari wetu. Itakuwa juu ya mstari ikiwa mteremko kutoka (−2, 7) hadi kwake ni −2. Liandike sharti hilo kama lilivyo:

(y − 7) / (x + 2) = −2

Huo ndio mlinganyo, na hakuna fomula tuliyokariri kuupata. Tumesema tu kwa alama kile tulichokisema kwa maneno. Chini kuna x + 2 kwa sababu x − (−2) ni x + 2. Zidisha pande zote kwa (x + 2):

y − 7 = −2(x + 2)

Unaiona? Hiyo ni fomula yako ya pili, y − y₁ = m(x − x₁), imejitokeza yenyewe. Fungua mabano, y − 7 = −2x − 4, kisha hamisha 7: y = −2x + 3. Hiyo ni fomula ya kwanza. Peleka kila kitu upande mmoja: 2x + y − 3 = 0. Hiyo ni ya tatu, na ndiyo jibu la kitabu chako. Mstari ni mmoja, umeandikwa kwa namna tatu.

Angalizo kwa anayependa kuchimba: ile namna ya kwanza yenye mgawanyo ina tundu dogo. Ukiweka nukta (−2, 7) yenyewe, juu unapata 0 na chini unapata 0, na kugawanya kwa 0 hakuna maana. Tulipozidisha kwa (x + 2) tundu hilo lilizibika, na nukta tuliyoanzia nayo ikarudi kwenye mstari wake. Ndiyo sababu hatuachi mlinganyo katika umbo la mgawanyo.

Ungeanza na nukta ya pili ingekuwaje? y + 5 = −2(x − 4), ambayo ni y + 5 = −2x + 8, ambayo ni y = −2x + 3. Ni uleule. Chukua nukta yenye namba nyepesi, usijitese.

Hapa nina jambo ambalo wanafunzi wengi hawaambiwi waziwazi. Herufi zilizomo ndani ya y = mx + c hazifanyi kazi ya aina moja. m na c ni namba za mstari husika: ukishazipata zimetulia, na ukizibadilisha umehamia mstari mwingine. x na y hazitulii kamwe, ndizo zinazotembea kutoka nukta hadi nukta. Kwa hiyo “tafuta mlinganyo” maana yake ni tafuta m na c, kisha uziache x na y zikiwa herufi. Nimesahihisha madaftari mengi ambamo mtu amefika y = −2x + 3, kisha akaweka x = 4 na kuandika jibu la mwisho “y = −5”. Hapo ametupa mstari mzima akabaki na nukta moja aliyokuwa nayo tangu mwanzo. Pia jihadhari na herufi c: ile ya y = mx + c ni mahali mstari unapokata mhimili wa y, lakini c ya ax + by + c = 0 ni namba nyingine kabisa inayotumia herufi ileile. Kwako, ya kwanza ni 3 na ya pili ni −3.

Mlinganyo basi ni kama mlinzi wa mlango. Nukta yoyote inakuja, mlinganyo unaipima, unaikubali au unaikataa. Je, (10, −17) iko juu ya mstari wako? −2(10) + 3 = −17. Iko. Na (10, −16)? Haiko, ingawa kwenye mchoro wa penseli usingeweza kuzitofautisha kwa urahisi. Wazo hili la kugeuza umbo kuwa sharti la namba liliingia katika hisabati kupitia Wafaransa wawili, René Descartes na Pierre de Fermat, kila mmoja kwa njia yake. Descartes alichapisha kazi yake mwaka 1637. Kabla ya hapo wajuzi wa jiometri walikuwa wakiushughulikia mstari kwa rula, bikari na hoja za maneno. Nalitaja hilo ili usijione mzito wa kuelewa: jambo hili lilichukua karne nyingi kufikiwa.

Tukubaliane basi kwamba kila swali la mstari linakutaka vitu viwili: mteremko mmoja na nukta moja. Maswali hutofautiana katika namna yanavyokupa vitu hivyo. Ukipewa nukta mbili, mteremko unautafuta mwenyewe, kama tulivyofanya. Ukipewa mteremko na nukta, umerahisishiwa. Ukiambiwa mstari unakata mhimili wa x kwenye 5 na mhimili wa y kwenye −2, hizo ni nukta mbili zilizofichwa, (5, 0) na (0, −2); mteremko ni 2/5, na mlinganyo ni y = (2/5)x − 2. Ukiambiwa mstari uko sambamba na mwingine, umepewa mteremko wa bure kwa sababu mistari sambamba ina mteremko mmoja.

Panapohitaji utulivu ni pale unapoambiwa mstari unakutana na mwingine kwa pembemraba. Wengi wamekariri “geuza na ubadili alama” bila kujua kwa nini. Chora mstari wenye mteremko 2/3: unaenda kulia hatua 3, unapanda 2. Sasa shika karatasi uizungushe robo mzunguko kinyume na mwendo wa saa. Ile hatua 3 ya kulia imekuwa kupanda 3. Ile hatua 2 ya kupanda imekuwa kwenda kushoto 2. Mteremko mpya ni 3 kwa −2, yaani −3/2. Namba zimebadilishana nafasi kwa sababu mlalo umekuwa wima, na hasi imeingia kwa sababu kupanda kumegeuka kwenda kushoto. Ukizidisha miteremko hiyo miwili unapata −1, na itakuwa hivyo daima, isipokuwa pale mmoja wa mistari ni wima.

Mfano: tafuta mlinganyo wa mstari unaopita (6, 1) na kukutana kwa pembemraba na 2x − 3y = 12. Usikimbilie kusema mteremko wa huo uliopewa ni 2 kwa kuwa umeiona 2 mbele ya x. Mteremko unasomeka mbele ya x pale tu ambapo y imesimama peke yake. Kwa hiyo: −3y = −2x + 12, gawanya kote kwa −3, y = (2/3)x − 4. Mteremko ni 2/3, na wa mstari wetu ni −3/2. Sasa

y − 1 = −(3/2)(x − 6)

Zidisha kote kwa 2 ili uiondoe sehemu: 2y − 2 = −3(x − 6), yaani 2y − 2 = −3x + 18, na mwisho 3x + 2y = 20. Hakiki kwa (6, 1): 18 + 2 = 20. Lakini uhakiki huo hausemi lolote kuhusu mteremko, hivyo tafuta nukta nyingine juu ya jibu lako, mfano (4, 4), maana 12 + 8 = 20. Kutoka (6, 1) hadi (4, 4) x imepungua 2 na y imepanda 3. Mteremko ni −3/2. Sawa.

Kuna mstari mmoja utakaokukatalia y = mx + c kabisa. Nukta (4, 1) na (4, 9): y imepanda 8, x haikusogea. 8 kwa 0 haigawanyiki, kwa hiyo mteremko haupo. Mstari upo, tena umesimama wima, na sharti lake ni fupi kuliko yote: x = 4. Iwe y ni nini, x ni 4. Usiuchanganye na mstari wa mlalo, mathalani y = 7, ambao mteremko wake upo na ni 0. “Hakuna mteremko” na “mteremko ni sifuri” ni habari mbili tofauti, na mtihani hupenda kupima hapo. Umbo ax + by + c = 0 linaimeza mistari yote pamoja na hiyo ya wima, na ndiyo faida yake kubwa. Kwa hiyo swali likisema “andika katika umbo fulani”, tii. Lisiposema, umbo lolote lililo sahihi ni jibu kamili.

Kuhusu kusoma mstari kutoka kwenye grafu, nina onyo moja tu: soma namba za mihimili, usihesabu miraba. Mraba mmoja kwenye mhimili wa x unaweza kuwa 1, na kwenye mhimili wa y ukawa 10.

Nimalizie na mfano wa nje ya daftari, kwa sababu m na c huanza kuwa na maana pale zinapobeba kitu. Maji huganda kwenye nyuzi 0 za Celsius, ambazo ni 32 za Fahrenheit, na huchemka kwenye 100, ambazo ni 212, katika kanieneo ya kawaida ya hewa. Hizo ni nukta mbili: (0, 32) na (100, 212). Mteremko ni 180/100, yaani 9/5. Mstari unakata mhimili wa wima kwenye 32. Basi F = (9/5)C + 32. Ile 9/5 inakuambia kwamba joto likipanda nyuzi 5 kwa kipimo kimoja, linapanda 9 kwa kingine. Ile 32 inakuambia kwamba vipimo hivyo havikuanzia mahali pamoja. Ukiuliza ni wapi vinasoma namba moja, weka F = C: C = (9/5)C + 32, hivyo −(4/5)C = 32, na C = −40.

Ila Anders Celsius mwenyewe, alipopendekeza kipimo chake mwaka 1742, alikiweka kinyume: 0 ilikuwa maji yanapochemka na 100 yanapoganda. Kiligeuzwa baadaye. Jaribu kufikiri mlinganyo ungekuwaje kwa kipimo chake cha asili. Nukta zinakuwa (100, 32) na (0, 212), mteremko ni (212 − 32)/(0 − 100), yaani −9/5, na mstari unakata mhimili wa wima kwenye 212: F = −(9/5)C + 212. Maji ni yaleyale na joto ni lilelile, lakini mstari sasa unashuka, kwa kuwa namba kubwa ilimaanisha baridi zaidi. Hakiki kwa nukta ambayo hatukuitumia kupata 212: −(9/5)(100) + 212 = 32.

Fanya huu peke yako leo, na mabano yako: mstari unaopita (−3, −4) na (5, 0). Tafuta c kwa nukta ya pili, kisha hakiki kwa ya kwanza. Ukifika x − 2y − 5 = 0, au y = (1/2)x − 5/2, umefika. Ukipata kingine, niletee hatua zote ulizopitia, kila mstari ulioandika, pamoja na ile uliyoifuta.